Ilitokea au Haikutokea? Mashabiki na Filamu Zinazoanzishwa Upya

Mhadhara uliotolewa Kisumu mbele ya wanafunzi, walimu na wapenzi wa sinema. Umeandikwa jinsi ulivyotolewa.

Hamjambo, mabibi na mabwana. Walimu wangu mliokaa hapo mbele, asanteni kwa kuja. Vijana mliojazana kule nyuma karibu na soketi za kuchaji simu, nawaona pia.

Swali la leo ni hili. Kwa nini mtu mzima, mwenye kazi na watoto, akose usingizi kwa sababu kampuni fulani huko Marekani imeamua kuanzisha upya filamu ya vyombo vya angani aliyoipenda utotoni? Jibu la haraka ni kwamba hana shughuli. Hilo nimelisikia sana, hata nyumbani kwangu. (Kicheko.) Jibu la wasomi ni kwamba binadamu huogopa mabadiliko. Mimi nayakataa yote mawili. Mashabiki hawa humeza mabadiliko makubwa ajabu bila hata kukohoa. Wanachokataa ni kuambiwa kwamba mambo waliyoyaona kwa macho yao hayakutokea.

Tuanze na Star Trek, kwa sababu mashabiki wake ndio waliowafundisha wengine namna ya kupiga kelele. Ilianza kama kipindi cha televisheni tarehe 8 Septemba 1966. Kituo cha NBC kilipotaka kukikatiza mwaka 1968, mashabiki waliandika barua kwa maelfu, kwa mkono na kwa taipureta, kikapata msimu wa tatu. Kilikufa mwaka 1969 kikiwa na vipindi 79 tu. Lakini waandishi wa barua hawakufa. Mwaka 1976 NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa tayari kuipa shatoli yake ya kwanza, yaani chombo cha angani chenye mabawa, jina Constitution, barua zikamiminika tena hadi kwa Rais Ford, na shatoli ile ikaitwa Enterprise, jina la chombo cha kwenye televisheni. Serikali imebadilisha jina la mashine halisi kwa ajili ya mashine ya kubuni! Mtu aliyewahi kushinda vita ya namna hiyo, usimtarajie akae kimya ukiigusa hadithi yake.

Sasa twende mwaka 2009. Mwelekezi J.J. Abrams anaanzisha hadithi upya. Waigizaji wapya: Chris Pine ndiye nahodha Kirk, Zachary Quinto ndiye Spock, Zoe Saldana ndiye Luteni Uhura. (Ndiyo, mama, jina hilo limetoka kwetu, kwenye neno uhuru.) Katika filamu hiyo Abrams anaiangamiza sayari ya Vulcan, kwao Spock, pamoja na mabilioni ya wakazi wake. Mamake Spock anakufa. Babake Kirk anakufa siku ileile Kirk anapozaliwa. Ukiwa wewe ni yule shabiki wa barua, hapo ungetegemewa uchome matairi barabarani. Hakuchoma. Wachache walinuna, wengi walipiga makofi, na filamu ikaingiza takriban dola milioni 385 duniani.

Kwa nini? Kwa sababu ya mzee mmoja. Leonard Nimoy, Spock wa tangu 1966, yumo ndani ya filamu hiyo. Anatoka katika ulimwengu wa zamani. Adui amerudi nyuma katika wakati, ameyavuruga mambo, na kuanzia hapo njia ya historia imegawanyika mara mbili. Vipindi vyote 79 vilitokea. Filamu zote za baadaye zilitokea. Zipo katika njia ile nyingine, na shahidi wake amesimama mbele yako, amezeeka, anamweleza kijana Kirk kwamba waliwahi kuwa marafiki. Waandishi wa filamu hiyo wangeweza kuanza kwenye ukurasa mweupe, ingekuwa rahisi kwao. Walichagua kupoteza nusu saa nzuri wakieleza mambo ya wakati na mashimo meusi, na nina hakika nusu saa hiyo ndiyo iliyowanunulia amani.

Kuna jambo dogo zaidi. Uhura hakuwahi kupewa jina la kwanza katika kile kipindi cha zamani. Jina Nyota lilikuwa likizunguka vitabuni na vinywani mwa mashabiki tangu miaka ya 1980. Filamu ya 2009 ililichukua ikalifanya rasmi. Fikiria wewe ndiye shabiki umekaa kwenye kiti, jina ulilolitunza miaka yote hiyo linatajwa na Spock mwenyewe. Utalalamika nini tena?

Sisi wa pande hizi hatuhitaji profesa wa kigeni atufafanulie jambo hili. Nani hapa hajasikia hadithi ya Luanda Magere, yule shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, aliyeuawa kwa kuchomwa kivuli chake? (Mikono inapungwa.) Nimeisikia ikisimuliwa na mzee wa Nyakach kwa namna yake, na mwalimu wa shule ya msingi kwa namna nyingine, na kijana jukwaani aliyemtia Magere miwani ya jua. Mmoja anasema mkuki, mwingine anataja mshale. Mmoja anampa yule mke wake aliyetoka kwa maadui, Lang'o, maneno mengi, mwingine anampa machozi tu. Hakuna aliyesimama kupinga. Lakini jaribu kusimulia kwamba aliuawa kwa kuchomwa kifuani, mwili wake haukuwa wa jiwe, wala kivuli hakikuhusika. Hutafika mwisho wa sentensi. Watoto wenyewe watakurudisha.

Sasa tazameni waliokigusa kivuli.

Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012 kwa takriban dola bilioni 4.05. Star Wars ilikuwa na miongo ya riwaya na vibonzo vilivyoendeleza hadithi baada ya filamu ya 1983: mashujaa wake Han na Leia walikuwa na watoto watatu, Luke alikuwa na mke. Watu walivinunua, wakavisoma, wakabishana juu yake. Aprili 2014 ikatangazwa kwamba hayo yote si sehemu ya historia rasmi tena, yataitwa ngano. Kibiashara naelewa kabisa, hakuna mwelekezi anayeweza kufungwa mikono na mamia ya vitabu. Lakini mtu aliyetumia miaka 20 akifuatilia familia hiyo aliambiwa kwamba familia haikuwapo. Hasira iliyokuja na filamu mpya, ile ya 2015 na hasa ile ya 2017, wengi huieleza kana kwamba ilianzia kwenye filamu. Kwa maoni yangu filamu ziliwasha moto kwenye kuni ambazo zilikuwa zimeshamwagiwa mafuta ya taa.

Na kabla ya Disney, George Lucas mwenyewe, mwanzilishi wa Star Wars. Mwaka 1997 alizirudisha filamu zake za kwanza kwenye majumba ya sinema akiwa amezirekebisha, na katika onyesho moja mhalifu Greedo akawa ndiye anayefyatua kwanza, si Han Solo. Sekunde chache tu! Mabishano bado hayajaisha. Angeliacha toleo la awali madukani likiwa safi kando ya hilo jipya, nadhani watu wangecheka na kusahau.

Wajapani walikuwa wajanja kuliko wote. Mwaka 1998 Wamarekani walitengeneza Godzilla wao, mjusi mkubwa anayekimbia-kimbia mjini New York na kuuawa na makombora ya ndege. Mashabiki wa yule wa Kijapani wa 1954 walikasirika, maana Godzilla hakimbii, na kombora kwake ni kama mbu. Kampuni ya Toho, iliyomtengeneza yule wa kwanza, haikusema kwamba yule wa Marekani hakuwahi kuwapo. Ilimpa jina jipya, Zilla, na katika filamu yake ya 2004 ikamleta Sydney apambane na Godzilla wa kweli. Pambano halichukui hata nusu dakika. Mjusi anatupwa kwenye lile jumba maarufu la opera na kuteketezwa. Yaani ilitokea, na akapigwa. Sijawahi kuona jibu zuri zaidi kwa malalamiko ya mashabiki.

Mtaniuliza kuhusu Planet of the Apes, zile filamu za sokwe wanaotawala dunia, na mtakuwa na haki, kwa sababu inaonekana kunipinga. Ile ya 2011 ilianza upya kabisa, sokwe wake wanapata akili kwa dawa ya maabara, haina uhusiano na maelezo ya zamani. Na bado ilipendwa. Lakini iangalieni vizuri. Kwenye habari za televisheni ndani ya filamu inatajwa safari ya chombo kinachoitwa Icarus, na baadaye gazeti linauliza kama kimepotea. Katika filamu ya 1968 chombo cha angani cha mwigizaji Charlton Heston hakikutajwa jina. Icarus ni jina walilokipa mashabiki. Filamu haikueleza zaidi, iliacha mlango wazi kidogo tu, na aliyepaswa kuuona aliuona.

Nipite haraka kwenye jambo baya, si kwa sababu ni dogo bali kwa sababu halina cha kufumbua. John Boyega alipoonekana kwenye trela ya Star Wars mwishoni mwa 2014, kuna waliolalamika kwamba askari yule ni mweusi. Leslie Jones alitukanwa mtandaoni Julai 2016 kwa kuigiza katika Ghostbusters. Kelly Marie Tran, aliyeigiza katika Star Wars ya 2017, alifuta picha zake Instagram mwaka 2018 baada ya kutukanwa. Mimi nina kipimo kimoja. Mwambie mlalamishi akutajie onyesho lililomuudhi. Akilitaja, keti naye, agizeni chai mbishane hadi usiku. Akikutajia ngozi au jinsia tu, huyo hakuja kwa ajili ya filamu.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo nilipotaka kufika tangu nianze. Wengi wetu hatukuziona filamu hizi katika majumba ya sinema. Tuliziona kwenye mabanda ya video, Kondele, Manyatta, Nyalenda, au kwenye senta za mashambani siku ya soko. Hatukuziona kwa mpangilio. Mtu aliiona Terminator ya pili kabla ya ya kwanza, na Arnold Schwarzenegger kwake alikuwa Komando, awe ni mashine au ni mtu. Halafu akaja DJ Afro, yule msimulizi wetu wa filamu za kigeni. Akawapa mastaa Kiswahili, akawapa utani wa mtaani, akawatia mdomoni maneno ambayo mwandishi wa Hollywood hakuyaota. Kwa hiyo kijana wa hapa anapoambiwa hadithi ya asili imeharibiwa, ana haki ya kuuliza: asili ipi? Ile aliyoipenda ilikuwa imeshasimuliwa upya kabla haijamfikia.

Na bado aliumia mwaka 2019. Terminator ya mwaka huo ilizifuta zote zilizokuja baada ya 1991, hilo halikumsumbua, alikuwa amezichanganya tangu zamani. Lakini katika dakika za mwanzo kabisa yule mvulana John Connor, aliyelindwa kwa machozi filamu mbili nzima, anapigwa risasi na kufa. Hapo banda la Kondele na ukumbi wa Los Angeles vilikubaliana. DJ anaweza kumfanya John aongee Sheng. Hawezi kukuambia kwamba kumwokoa kulikuwa kazi bure.

Tuna dakika chache za maswali. Naam, dada mwenye kitenge.

(Swali: Je, Lupita? Ile Star Wars ya 2015 tulienda kumwona yeye.)

Ah, mlikwenda kumwona Lupita Nyong'o, binti wa hapa, mshindi wa Oscar, mkaonyeshwa kiumbe kifupi chenye ngozi ya machungwa na miwani mikubwa! (Kicheko.) Maz Kanata alichorwa kwa kompyuta juu ya mienendo yake. Lalamiko lenu ni halali, na mmetaja onyesho.

Kaka pale nyuma, la mwisho, mwenye ukumbi ananionyesha saa.

(Swali: Mashabiki wakiridhika, kampuni inapata nini?)

Swali la mhasibu hilo. Star Trek ya 2013 ilificha kwa miezi mingi kwamba adui wake ni Khan, yule adui wa zamani, kisha ikageuza kifo cha Spock cha 1982 kikawa kifo cha Kirk, na kabla filamu haijaisha Kirk amefufuliwa. Mashabiki waliokutana Las Vegas Agosti mwaka huo walipozipanga filamu zote, waliiweka mkiani. Iliingiza takriban dola milioni 467, zaidi ya ile ya 2009. Iliyofuata mwaka 2016 ilirudi kwenye roho ya zamani, wengi wao wakaipenda, ikaingiza kama dola milioni 343. Ya nne ya kundi lile bado hatujaiona.