Jirani yangu anakata miti usiku

Wakubwa shikamooni, vijana mambo! Leo naongea kwa sauti ya chini maana jua linazama na mwenyewe yuko karibu kutoka. Niko Calgary, Kanada, kwenye kijito kinachoingia mto Bow. Hebu oneni huu mti. Shina limechongwa mpaka limebaki kama penseli, na hakuna shoka lililopita hapa. Ni meno ya biva, mnyama wa mtoni anayejenga mabwawa.

Video iliyopita mmoja wenu aliandika, "Si panya tu huyo?" Kweli, ukoo ni wa panya, ila huyu anafika kilo 20 na kuzidi, mkia bapa kama mwiko wa ugali, meno ya rangi ya chungwa kwa sababu yana madini ya chuma. Samaki hagusi. Anakula magome na majani, matawi mengine anajengea bwawa, maana mlango wa nyumba yake uko chini ya maji. Maji yakipungua, mlango unabaki wazi na adui anakaribishwa.

Mwaka juzi maji ya bwawa lao yalifunika njia ya miguu, viatu vyangu vya kazini vikaisha. Nilitaka wafukuzwe, sifichi! Bwawa likabomolewa, baada ya siku mbili limesimama tena. Kumbe biva akisikia maji yanachuruzika, mikono inamwasha. Watafiti waliwahi kumchezea sauti ya maji kwenye spika, akaifukia spika kwa matawi na tope. Sasa dawa ni ile pale: bomba limepita ndani ya bwawa, mdomo wake umezamishwa mbali na kuzungushiwa kizimba cha waya. Maji yanatoka kimyakimya, fundi hajui anaibiwa wapi. Na miti ya kivuli imevalishwa waya, kama mnavyoona.

Bwawa lenyewe limebaki, na nimeshaacha kununa. Kiangazi kikikausha kila kitu, hapa kuna vyura, bata, na nyasi mbichi ambazo hata moto wa msituni huchelewa kuzishika. Halafu mnyama huyu aliwindwa karibu aishe, manyoya yakatengenezewe kofia Ulaya. Leo yumo kwenye hii sarafu ya senti 5, tangu 1937.

Ngojeni... kichwa kile pale, kushoto. Mmeona?

Paa! Mmesikia huo mkia? Anawaambia wenzake kuna mtu. Basi, hatoki tena leo, tumeshaonekana.