Tone la Damu Kwenye Karatasi: Mhadhara kwa Familia na Wahudumu wa Afya, Wete

Asalaam alaykum wazee wangu, kina mama, na wenzangu wa vituo vya afya.

Leo nazungumzia kupima dawa za maradhi ya akili kwa tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi. Neno ninalolisikia mno majumbani mwetu ni hili: "Huyu hanywi dawa." Kijana akianza tena kukesha na kusema peke yake, nyumba nzima inamgeukia. Huenda kweli hanywi. Lakini huenda anakunywa kila siku na mwili unaimaliza upesi. Kabamazepini, dawa ya kifafa na ya kutuliza hisia, kwa mfano, huliamsha ini liivunje dawa hiyohiyo kwa kasi katika wiki za mwanzo, na kama anatumia haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, pamoja nayo, hiyo nayo hushuka. Mtu huyu hastahili kutuhumiwa. Apimwe dawa iliyomo damuni.

Kipimo hicho kwa kawaida hutaka damu ya mshipa, mashine ya kuitenganisha, na friji. Na kumvusha mgonjwa aliyevurugika kwa boti hadi Unguja ni mtihani kwake na kwa mama yake. Karatasi yenye tone la damu iliyokauka inaweza kusafiri badala yake, ndani ya bahasha, hadi kwenye maabara yenye mashine za kutambua dawa kwa uzito wa molekuli.

Njia yenyewe si ngeni. Robert Guthrie wa Marekani aliitangaza mwaka 1963 kwa kupima damu ya kisigino cha watoto wachanga, na wauguzi wetu wanaijua katika kupima VVU kwa watoto wachanga. Unatoboa kidole, unaacha tone lijaze duara la kwenye karatasi, unakausha kivulini kwa muda wa saa 3 au 4, kisha unatia kwenye mfuko wenye vifuko vya kunyonya unyevu. Wakati wa masika, hewa yetu ikiwa imelowa, iache hata usiku kucha.

Hapa sasa ndipo nataka mnisikilize sana. Damu ya mtu aliyepungukiwa damu ni nyepesi, hutambaa mbali zaidi kwenye karatasi. Maabara hukata kiduara cha ukubwa uleule, na ndani yake damu ni kidogo, basi namba inatoka chini kuliko ukweli. Nasi Pemba tuna minyoo ya safura, tuna selimundu, tuna wajawazito wenye upungufu wa damu. Daktari akiifuata namba hiyo peke yake, atamwongezea dawa mtu ambaye ilikuwa inamtosha. Kwa hiyo kidole hichohicho kipimwe pia wingi wa damu, siku hiyohiyo. Kwangu mimi hili si la hiari.

Lithiamu, dawa ya wenye hisia zinazopanda na kushuka mno, bado naitakia damu ya mshipa. Nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni finyu: mara nyingi tunalenga milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na ikipita 1.5 sumu huanza kuonekana. Kuharisha au vidonge vya diklofenaki vya kutuliza maumivu vinatosha kuipandisha. Anayetumia klozapini, dawa ya maradhi makali ya akili, naye akiacha sigara ghafla, dawa humpanda damuni, atuambie mapema.

Jambo la saa. Kwa lithiamu na klozapini, damu huchukuliwa baada ya kupita muda wa saa 12 tangu dozi ya mwisho. Ramadhani wengi huhamishia dozi baada ya futari, basi aliyekunywa saa 2 usiku aje saa 2 asubuhi, kabla ya dozi nyingine yoyote. Muuguzi aandike kwenye kadi saa ya dozi na saa ya damu. Kadi isiyo na saa hizo mbili irudishwe, mgonjwa achukuliwe damu upya.