Kabla ya Kuuliza Wako Wangapi, Uliza Wana Umri Gani

Ndugu zangu, nashukuru kwa nafasi hii. Wengine humu mmeshanisikia nikilisema jambo hili, na mtanivumilia, maana nitalirudia mpaka liache kukosewa. Kila mjadala wa idadi ya watu unaanzia kwenye jumla. Tarehe 15 Novemba 2022, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, tulifika bilioni 8, na watu wakashika vichwa: tumejaa, dunia haitutoshi. Kisha zikatoka takwimu za Korea Kusini za mwaka 2023, wastani wa watoto 0.72 kwa kila mwanamke, na watu wale wale wakashika vichwa tena: tunakwisha! Hofu mbili zinazopingana ndani ya kichwa kimoja, na mwenye kichwa bado hajauliza swali la kwanza. Hao watu wana umri gani?

Nianze na vifo, kwa sababu hapo ndipo kosa linapoonekana vizuri. Kila ninapofundisha nauliza: kati ya Japani na Bangladesh, wapi kuna kiwango kikubwa cha vifo? Darasa zima linajibu Bangladesh. Haya, tufanye hesabu. Mwaka 2023 Japani walifariki watu zaidi ya milioni 1.5, katika taifa la watu milioni 124 hivi. Gawanyeni wenyewe. Mtapata zaidi ya 12 kwa kila watu 1,000. Bangladesh ni takriban nusu ya hapo. Na Qatar je? Haifiki 2 kwa kila 1,000. Kwa hiyo Mjapani anakufa haraka kuliko Mbangladesh? Hapana. Mtoto anayezaliwa Japani leo anatarajiwa kuishi miaka 84 hivi, na yule wa Bangladesh anatarajiwa kuishi pungufu ya hapo kwa takriban miaka 10.

Ngojeni nichore, maana hili halieleweki kwa kusikia tu. Huu hapa mji wa kwanza, watu 1,000. Wazee wa miaka 65 na kuendelea ni 300. Tuseme kwa mwaka wanafariki wazee 40 katika kila 1,000, kwa hiyo katika hawa 300 wanafariki 12. Waliobaki, watu 700, wanafariki 2 katika kila 1,000, yaani kama mtu mmoja na kidogo. Jumla 13. Mji wa pili nao una watu 1,000, lakini wazee ni 30 tu. Huku afya ni mbaya: wazee wanafariki 60 katika kila 1,000, kwa hiyo katika hawa 30 ni kama wawili. Vijana na watoto 970, hao wanafariki 4 katika kila 1,000, mara mbili ya kule, kwa hiyo ni kama wanne. Jumla 6. Tazameni ubao. Katika mji wa pili, uwe kijana au mzee, hatari ya kufa ni kubwa kuliko kwa mwenzako wa rika lako katika mji wa kwanza. Lakini jumla ya vifo haifiki hata nusu. Misiba michache haikuletwa na dawa wala madaktari. Imeletwa na uchache wa wazee. Na Qatar ndiyo hivyo hivyo: sehemu kubwa ya wakazi wake ni wafanyakazi wa kigeni waliokuja wakiwa vijana, na wengi wanarudi kwao kabla uzee haujawakuta.

Mtu ataniambia: basi kiwango hicho ghafi, yaani vifo vyote kwa kila watu 1,000 bila kujali umri, kitupwe. La hasha. Kina kazi yake: toa vifo kwenye vizazi, hesabu waliohamia na waliohama, umepata ongezeko. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukitaka kujua kama watu wanakufa kabla ya wakati wao, usikiulize. Uliza umri wa kuishi. Uliza watoto wangapi wanafariki kabla hawajatimiza miaka mitano. Mwaka 1990 walikuwa 93 katika kila 1,000 wanaozaliwa, duniani kote. Mwaka 2022 walikuwa 37. Namba hiyo ndiyo ningependa ipigiwe ngoma, na sijawahi kuiona ikitangazwa kwa shangwe iliyotangazwa ile bilioni 8.

Na hapa lazima niseme kitu kuhusu wanaowalaumu akina mama. Idadi ya watu duniani haikupaa kwa sababu wanawake walianza kuzaa zaidi. Walikuwa wakizaa wengi tangu zamani, wakizika wengi. Mwanamke aliyezaa saba na kuzika wanne hakuwa mjinga wa hesabu. Alibakiwa na watatu, na hakuna aliyeweza kumwambia mapema ni yupi atakayebaki. Kilichobadilika ni kwamba watoto waliacha kufa: maji safi, chanjo, chakula cha kutosha. Vifo vilishuka kwanza, uzazi ukafuata baadaye, wakati mwingine kizazi kizima baadaye. Pengo lililo kati ya mishuko hiyo miwili ndilo ongezeko lote tunaloliogopa. Kutoka bilioni 1 hadi 2 ilichukua zaidi ya miaka 120, hadi mwaka 1927 hivi. Kutoka 7 hadi 8 ilichukua 11 au 12 tu. Lakini kasi yenyewe ilifika kileleni zamani, miaka ya 1960, ilipopita asilimia 2 kwa mwaka. Leo iko chini ya asilimia 1. Wakati huo wastani wa dunia ulikuwa watoto 5 kwa mwanamke. Sasa ni wawili na robo hivi.

“Mbona basi bado tunaongezeka?” Swali zuri, na jibu ni lile lile: umri. Jahazi likishusha tanga halisimami papo hapo. Itazameni China. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani wa uzazi wao ulikuwa chini ya 2.1, kiwango cha wazazi kujirithisha wenyewe na kidogo cha kufidia wanaofariki njiani. Idadi yao ilianza lini kupungua? 2022. Miaka 30 hivi ya kuongezeka huku kila mama akizaa wachache, kwa sababu akina mama wenyewe walikuwa wengi, waliozaliwa enzi za familia kubwa. Na sasa jahazi linakwenda upande wa pili. Hata kila mwanamke wa China akiongeza mtoto mmoja kesho asubuhi, wanawake wenyewe wamepungua.

Najua mnachotaka kusema. China walilazimishwa, ile sera ya mtoto mmoja. Sera hiyo ilianza 1980. Uzazi ulikuwa umeshashuka kutoka karibu watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi chini ya 3 kabla sera haijaandikwa. Iran haikuwa na sera ya mtoto mmoja, na ilishuka kutoka zaidi ya 6 miaka ya mwanzo ya 1980 hadi kama 2 kufikia 2000, wasichana wakiwa shuleni na huduma za uzazi wa mpango zikiwa zimefika vijijini.

Kuhusu amri, niwape mwaka mmoja tu, 1966, na nchi mbili. Romania, mtawala wake Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba kwa karibu wanawake wote, na vidhibiti mimba havikupatikana. Mwaka 1967 vizazi vilikaribia kuongezeka mara mbili. Wodi zikafurika. Baada ya hapo vikaanza kushuka tena, kwa sababu wanawake walitafuta njia zao za siri, na maelfu walikufa katika njia hizo mpaka sheria ilipoondolewa mwishoni mwa 1989. Nikisimulia hili hasira hunipanda, na sitaki inishuke. Walikuwa mama za watu.

Japani, mwaka huo huo wa 1966, hakukuwa na amri yoyote. Kulikuwa na imani ya kale kwamba msichana anayezaliwa katika mwaka wa farasi wa moto, mwaka unaorudi kila baada ya miaka 60, atakuwa na mkosi katika ndoa. Mwaka uliotangulia walizaliwa watoto milioni 1.8. Mwaka ule, milioni 1.36. Mwaka uliofuata, zaidi ya milioni 1.9. Hakuna polisi aliyetumwa. Watu waliamua chumbani mwao, kisha wakaamua tena. Waziri anayedhani ataongeza au atapunguza uzazi kwa hotuba aisome mistari hiyo mitatu ya takwimu kwanza.

Naonyeshwa saa. Uhamiaji nilitaka kuupa nusu ya muda wangu, nauacha. Kuhusu chakula na mazingira niseme tu kwamba idadi ya vichwa pekee haielezi nani anatumia nini. Na makadirio: Umoja wa Mataifa mwaka 2024 ulisema kilele kitakuwa bilioni 10.3 hivi katikati ya miaka ya 2080. Muulize kila anayekutajia namba hiyo amekadiria uzazi kiasi gani, kwa sababu tofauti ndogo ya nusu mtoto, ukiipa vizazi vitatu, inageuka mabilioni.

Lakini si kila kitu ni makadirio. Wengi wa mama watakaojifungua mwaka 2045 wameshazaliwa. Wako chekechea, wako darasa la pili, wanaweza kuhesabiwa leo mmoja mmoja, pamoja na madawati yao na chanjo zao. Kila wizara inayoniomba utabiri, kwanza huwa naiuliza orodha ya hao. Mara nyingi haipo.

Haya, mikono naiona. Tuanze na dada wa kule nyuma.