Namba za walimu ndani ya ukurasa

Asanteni kwa kuja, na poleni na mvua. Naona wengi mmebeba kompyuta. Vizuri, tutazihitaji baadaye kidogo. Kwanza nataka niwasimulie kisa cha Missouri, Marekani, maana kila ninapofundisha ukaguzi wa tovuti nakirudia.

Ni Oktoba 2021. Idara ya elimu ya jimbo lile ilikuwa na ukurasa wa kutafuta vyeti vya walimu: unaandika jina, unaona kama mhusika ana leseni ya kufundisha. Josh Renaud, mwandishi wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch, akaangalia msimbo wa ukurasa ule. Namna ya kufanya hivyo mnaijua, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua kuona chanzo cha ukurasa, basi. Mle ndani mlikuwa na namba za hifadhi ya jamii za walimu. Kwa Mmarekani, namba ile ya tarakimu 9 si kitu cha kuacha wazi. Mwizi akiipata anaweza kukopa kwa jina lako. Gazeti liliona kwamba walimu zaidi ya 100,000 walikuwa hatarini.

Zilifikaje mle? Tovuti nyingi zilizojengwa kwa ASP.NET, zana ya Microsoft ya kutengenezea tovuti, zina sehemu iliyofichwa ndani ya ukurasa, inaitwa ViewState. Seva yenyewe haikumbuki ulikuwa umefikia wapi, kwa hiyo inafungasha kumbukumbu yake ndani ya ukurasa, na kivinjari chako kinairudisha safari inayofuata. Ukiitazama unaona msururu wa herufi zisizosomeka. Mtengenezaji naye anaziona hazisomeki, anaridhika.

Hapo ndipo watu wanapozama, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Chukua neno «siri», liandike kwa Base64, namna ya kuandika data kwa herufi na tarakimu ambayo ndiyo inayotumika kwenye ViewState: linakuwa c2lyaQ==. Linaonekana limefungwa, sivyo? Lakini hakuna ufunguo wowote uliotumika. Kila herufi 3 zimegeuzwa kuwa 4 kwa jedwali ambalo dunia nzima inalo, na zile alama mbili za mwisho ni za kujazia nafasi tu. Ni kama barua za wazee wetu wa pwani, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Asiyezijua herufi anapita, anayezijua anasoma.

Sasa tazameni mwandishi yule alivyoenenda. Alihakikisha kwa walimu 3, akaishia hapo. Akamwomba profesa wa usalama wa mtandao athibitishe, akaiarifu idara, na gazeti likaizuia habari mpaka ukurasa ulipoondolewa. Baada ya habari kutoka, Gavana Mike Parson akasimama mbele ya waandishi, akamwita mdukuzi, akataka ashtakiwe. Polisi wa jimbo wakachunguza. Ilikuwa Februari 2022 mwendesha mashtaka aliposema hafungui kesi. Miezi minne mtu anakaa na hofu kwa kusoma kitu ambacho seva ya serikali ndiyo iliyomtumia! Gavana alikosea, na nalisema hili waziwazi. Waliostahili kuulizwa ni waliotuma namba zile kwa kila mgeni aliyefungua ukurasa.

Kwenye kazi zetu hali ni hiyo hiyo. Niliwahi kukagua tovuti ya taasisi moja, nina mkataba mkononi. Katika faili la JavaScript, yaani programu ambayo kivinjari chochote kinapakua pamoja na ukurasa, nikakuta maelezo ya fundi: «ondoa kabla ya kupandisha». Mstari wa chini yake, nenosiri la hifadhidata. Hakuna aliyeliondoa. Tangu siku hiyo maelezo ya mafundi ndiyo ninayoyasoma mwanzo, kisha sehemu zilizofichwa kwenye fomu, kisha majibu ambayo seva inaleta kimyakimya ukurasa ukishafunguka. Haya ya mwisho msiyapuuze hata kidogo: skrini inaonyesha jina tu, kumbe jibu limebeba simu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho. Funguo za kuingilia huduma za seva za Amazon nazo utazitambua kwa AKIA mwanzoni. Ukiikuta, usiijaribu. Iandike kwenye ripoti, ukifunika herufi za katikati.

Na kuhusu ruhusa, hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na kuingia kwenye mfumo bila idhini ni kosa. Nawaomba sana, kama wadogo zangu, msifanye ukaguzi kwa maneno ya mdomo. Meneja aliyekwambia «wewe angalia tu» kesho anahamishwa, na wewe unabaki peke yako. Pata karatasi iliyotiwa saini, yenye majina ya tovuti na tarehe.

Haya, fungueni kompyuta. Ukurasa wa mazoezi uko kwenye seva ya hapa ukumbini, anwani iko ubaoni. Nimeficha mle namba 5 za kubuni, mbili ziko kwa Base64. Ukiipata ya kwanza, nyoosha mkono, uniambie ulianza kutazama wapi.