Simba wa Jangwani: Uzito wa Filamu ya Omar al-Mukhtar

SALMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunaijadili "Lion of the Desert", filamu ya mwaka 1981 iliyoongozwa na Moustapha Akkad, inayosimulia miaka ya mwisho ya Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyewaongoza Walibya kupigana na Waitaliano kwa takriban miaka 20, hadi aliponyongwa tarehe 16 Septemba 1931. Kaka Bakari, nakuachia uanze.

BAKARI: Ahsante, dada Salma. Nimeitazama mara nne, na kila mara ninachokisubiri si vita, ingawa vita vyake vimepigwa picha kwa ustadi mkubwa, vifaru halisi vikipanda vilima na wapanda farasi wakivizia mabondeni. Ninachokisubiri ni yale mazungumzo ya watu wawili chumbani, Mukhtar akiwa mfungwa mbele ya Jenerali Rodolfo Graziani, kamanda wa Waitaliano. Anthony Quinn, anayemwigiza Mukhtar, hapazi sauti wala haombi kuhurumiwa. Naye Oliver Reed, anayemwigiza Graziani, anatuonyesha mtu aliyekwisha kushinda lakini hakupata alichokitafuta. Mkutano huo ulitokea kweli, na Graziani mwenyewe aliuandika kitabuni.

SALMA: Mimi ningezitaja pia kambi. Watu wapatao 100,000 wa Cyrenaica, eneo la mashariki mwa Libya, wengi wao wafugaji, waliondolewa makwao na kufungiwa ndani ya seng'enge, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa njaa na maradhi. Kisha ukajengwa uzio wa waya wa karibu kilomita 270 kwenye mpaka wa Misri, ili wapiganaji wasipate chakula wala silaha kutoka upande wa pili. Akkad anatufanya tuelewe kwamba Mukhtar hakushindwa kwa bunduki peke yake. Alishindwa kwa sababu watu waliokuwa wakimlisha na kumficha walikuwa wamefungiwa.

BAKARI: Naafiki, lakini hapo ndipo dosari yake kubwa inaponiuma zaidi. Majeshi ya Italia katika vita hivyo hayakuwa ya Waitaliano watupu. Sehemu kubwa ya waliopigana milimani walikuwa askari kutoka Eritrea, na Waitaliano waliwaita kwa neno hilo hilo letu, askari. Filamu inampa nafasi ofisa kijana wa Kiitaliano anayesutwa na dhamiri, jambo ninaloliheshimu, lakini Mwafrika aliyetumwa kumuua Mwafrika mwenzake haipewi dhamiri yake hata dakika moja. Ninapokumbuka kwamba Graziani huyo huyo ndiye aliyekuja kuitawala Ethiopia, na kwamba mauaji ya Addis Ababa ya Februari 1937 yalitokea chini ya mamlaka yake, naona pengo hilo si dogo.

SALMA: Ni hoja nzito, na sikuwahi kuitazama kwa jicho hilo. Lipo pengo jingine: fedha za filamu zilitoka kwa serikali ya Gaddafi, iliyompindua mwaka 1969 Mfalme Idris, kiongozi wa tarika ya Sanusi, jumuiya ya kidini ya Kiislamu, na uongozi wa tarika hiyo, ambao Mukhtar alipigana kwa niaba yake, umepewa nafasi finyu mno.

BAKARI: Tena wote wanazungumza Kiingereza, Mwarabu na Mwitaliano, hata umbali wa lugha kati ya mtawala na mtawaliwa ukapotea.

SALMA: Hata hivyo, kaka, siwezi kuipunguzia thamani. Italia iliizuia mwaka 1982, na televisheni ya huko haikuionyesha hadi 2009, Gaddafi alipokwenda kuzuru. Filamu iliyozuiwa muda wote huo ilikuwa imesema jambo ambalo wengine hawakutaka lisikike.

BAKARI: Hilo silipingi. Ila ile miwani ya Mukhtar inayookotwa na mtoto baada ya mzee kunyongwa, mimi naona mwongozaji ametushika mkono kupita kiasi.

SALMA: Hapo tunaachana. Miwani ile tumeiona tangu mwanzo, usoni mwa mzee anayewafundisha watoto Kurani, na mtoto anapoinama kuiokota, ninachokiona ni mwanafunzi anayechukua kifaa cha kusomea cha mwalimu wake.