Kubadilisha amortisa za sumaku kwenye Audi TT ya zamani, hatua kwa hatua

Jambo yenu wote, karibuni garajini. Tuko Lubumbashi, Bel-Air, na gari mnaloliona hapa ni Audi TT ya kizazi cha pili, ile iliyoanza kutoka mwaka 2006. Ilitoka Ubelgiji, ikaingia nchini ikiwa tayari na umri wake, halafu mashimo yetu yakamalizia kazi. Papa mwenye gari anasema ikipita kwenye tuta haitulii, inaendelea kupanda na kushuka. Kuna kitufe hapa katikati chenye picha ya amortisa, yaani shokapu, cha kuchagua ulaini au ugumu wa mwendo. Zamani ukikibonyeza gari lilikuwa linakaza. Sasa bonyeza usibonyeze, ni yale yale, na kwenye tablo, yaani dashibodi, taa ya onyo haizimiki.

Kabla ya kushika spana, tuelewane hizi ni amortisa za aina gani. Amortisa ya kawaida huituliza springi kwa kulazimisha mafuta kupita kwenye vali nyembamba. Hizi za leo mafuta yake yamechanganywa na chembechembe za chuma, na kwenye pistoni kumezungushiwa koili ya waya. Kompyuta ikipeleka umeme, koili inakuwa sumaku, chembe zinajipanga, mafuta yanakuwa mazito pale pale yanapopita. Umeme ukipungua, yanarudi kuwa mepesi. Yote hayo kwa milisekunde. Teknolojia hii ilibuniwa na kampuni ya Delphi, na ilionekana kwanza kwenye Cadillac Seville STS ya mwaka 2002. Audi waliiweka kwenye TT kama nyongeza ya kulipia, wakaiita magnetic ride.

Hapo kuna jambo moja la kushika. Amortisa hii isipopata umeme inakuwa laini. Kwa hiyo gari likianza kuyumba, usikimbilie kusema amortisa zimekufa. Huenda ni waya umekatika, fyuzi imeungua au plagi imeingia maji. Na ukinunua mpya, ukaisukuma kwa mkono dukani ikaingia kirahisi, usigombane na muuzaji. Haina umeme, ndiyo tabia yake.

Sasa tupime. Swichi ya gari imezimwa, funguo uko mfukoni. Tunachomoa plagi ya kila amortisa na kupima koili kwa multimita, kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Usomaji wake ni mdogo sana, kwa hiyo gusanisha kwanza ncha mbili za multimita zenyewe uone waya zake zinakula kiasi gani, ukitoe. Halafu linganisha zote nne. Hizi mbili za nyuma zinasoma karibu sawa. Ya mbele kushoto nayo inaelekea huko. Ya mbele kulia, tazameni: haisomi kitu. Koili imekatika ndani. Hiyo haina mjadala. Pima pia kati ya pini na mwili wa chuma wa amortisa. Hapo hakutakiwi kupita umeme wowote.

Ya kushoto koili yake ni nzima, lakini ina unyevunyevu chini ya sili. Swali ni kama ni mafuta yake au ni uchafu wa barabarani. Kamera isogee hapa. Nafuta kwanza vumbi lote la nje, na nalifuta vizuri, maana udongo wetu mwekundu wenyewe una chuma, unaweza kunasa kwenye sumaku ukakudanganya. Sasa nachukua kitambaa safi, nagusa pale pale fimbo inapoingia kwenye sili, naweka tone kwenye karatasi nyeupe. Rangi ni kijivu cha kukolea. Ukisugua kati ya vidole unasikia punje ndogo sana. Sasa sumaku chini ya karatasi, naisogeza polepole. Mmeona? Tone lote linaifuata, na juu yake vinasimama vinywele vifupi. Hakuna mafuta mengine ndani ya gari hili yanayofanya hivyo. Amortisa imevuja.

Hizo chembe ndizo zinazokula sili, hasa fimbo ikishakwaruzwa na vumbi. Na kwetu kuanzia mwezi wa tano hadi mvua zirudi, vumbi ndilo tunalopumua.

Mtaambiwa mengi mkifika kwa mafundi. Wapo wanaotoboa amortisa, wanamwaga mafuta, wanajaza mengine, wanachomelea tundu, na gari linatembea. Kwa amortisa za kawaida, kwa mtu asiye na pesa ya mpya, siwezi kumcheka. Kwa hizi, hapana. Ndani kuna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo, na drili yako ndiyo itakayoifungulia njia. Halafu hata ukiwa salama, mafuta ya haidroliki au ya injini hayana chembe za chuma; koili itawaka bure na amortisa itabaki laini siku zote.

Wengine watakwambia utoe zote uweke za kawaida. Hilo linawezekana, na kwa gari linalokwenda Kasumbalesa mpakani na kurudi kila wiki ni uamuzi wenye akili, mradi ubadilishe zote nne, zilingane na springi, na kompyuta ipangwe upya ijue mfumo huo haupo tena. Ninachokataa ni ile ya kuweka mbili za kawaida mbele, kuacha mbili za sumaku nyuma, kisha kubandika karatasi nyeusi juu ya taa ya onyo. Mbele kunakuwa na tabia yake na nyuma na yake, na utalijua hilo kwenye kona, si garajini.

Papa ameamua abaki na za sumaku. Tumeagiza mbili za mbele, maana amortisa hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia kwa pamoja. Unapoagiza, soma namba iliyoandikwa kwenye amortisa yenyewe pamoja na herufi za mwisho, usiseme tu «Audi TT». Ya kuezuliwa paa si sawa na ya paa la kudumu, na zipo tofauti kulingana na injini na kama gari linavuta magurudumu manne. Agiza pia maunti mpya za juu, yaani vishikio vinavyofunga amortisa kwenye bodi, na beringi zake, mipira ya kuzuia fimbo isigonge, vifuniko vya vumbi, na bolti mpya za sehemu zile ambazo kitabu kinasema bolti haitumiki mara mbili. Ukipewa zilizotumika kutoka Ulaya, pima omu kabla hujatoa pesa.

Tuanze. Gari likiwa bado chini, kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mudigadi. Andika kwa kila gurudumu. Kipimo hicho tutakihitaji mwishoni.

Legeza bolti za magurudumu, inua kwa jeki mahali palipotengwa chini ya ubavu, kisha weka stendi. Usilale chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja. Toa magurudumu ya mbele.

Juu, fungua boneti. Toa mikono ya waipa, kisha plastiki pana iliyo chini ya kioo. Chini yake ndiko ziliko bolti tatu za maunti, kila upande. Usizitoe bado. Waya wa koili unapita ndani ya fimbo ya pistoni, kwa hiyo chomoa plagi kwa vidole, bonyeza kufuli yake kwanza. Plastiki za umri huu ni kavu, ukivuta kwa koleo zinavunjika, na plagi moja inaweza kukusimamisha wiki mbili.

Rudi kwenye gurudumu. Toa paipu ya breki na waya wa sensa ya ABS kwenye vishikio vyake. Toa kijiti cha sensa ya kimo, taratibu, bila kukikunja. Toa kijiti cha stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari lisilalie upande, kwenye amortisa. Ncha yake ya kati ishikilie kwa biti, nati uizungushe kwa spana, la sivyo vyote vitazunguka pamoja na utaharibu mpira.

Sasa sehemu inayowachosha watu. Amortisa imeingia kwenye habu, yaani kitovu kinachobeba gurudumu, kama kwenye shati lililobana, na habu ina mpasuo kwa nyuma. Toa bolti ya kubana. Halafu usichukue patasi na nyundo. Kuna biti ya umbo la yai, takriban milimita 5 kwa 8, ambayo unaiingiza kwenye mpasuo ukaizungusha robo. Mpasuo unafunguka kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha. Hapa Lubumbashi mfua chuma yeyote mzuri anaweza kukuchongea kutoka kwenye kipande cha chuma kigumu. Puliza mafuta ya kupenya kutu, subiri.

Fungua nati tatu za boljointi, kile kiungo cha duara, kwenye mkono wa chini ili habu iweze kushuka. Dogo, shika hapo. Mwenzangu anashikilia habu isianguke, kwa sababu mbili: isiivute paipu ya breki, na isiivute kadani, yaani ekseli inayozungusha gurudumu, ikachomoka kwenye kiungo chake cha ndani. Shusha habu, amortisa inaanza kutoka. Ikigoma, zungusha habu kushoto na kulia, usipige.

Ikishakuwa huru chini, ndipo mmoja anaishikilia kwa mikono miwili na mwingine anatoa zile bolti tatu za juu. Inashuka na springi yake nzima.

Springi hiyo iheshimuni. Weka vibana springi viwili vinavyotazamana, kaza hiki kidogo na kile kidogo, mpaka springi iache kusukuma maunti. Usisimame mbele yake. Kisha toa nati ya juu. Hapa bunduki ya hewa ikae pembeni, amortisa iwe ya zamani au mpya, kwa sababu ukizungusha fimbo unazungusha waya ulio ndani yake. Shikilia fimbo, zungusha nati kwa mkono.

Hamisha springi kwenye amortisa mpya. Ncha ya springi ikae kwenye ngazi yake chini. Kifuniko cha vumbi, mpira wa kuzuia, beringi, maunti, nati. Fimbo isiguswe na koleo kabisa. Mkwaruzo mmoja ndio mwanzo wa uvujaji mwingine. Waya usikunjwe. Kabla ya kuirudisha kwenye gari, pima omu tena. Ni sekunde chache, na ikiwa kuna tatizo ni heri ulijue ikiwa mezani.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa mambo machache. Ile alama iliyo nyuma ya amortisa iingie kwenye mpasuo wa habu, na amortisa ishuke hadi mwisho wake. Bolti ya kubana iwe mpya, ikazwe nyutonimita 70, kisha robo mzunguko. Hakikisha waya haugusani na springi unapozungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho.

Nyuma hatubadilishi leo, ila niwaonyeshe, maana ni rahisi zaidi: springi na amortisa zimetengana. Weka jeki chini ya mkono ili springi isiruke, chomoa plagi, toa bolti ya chini na mbili za juu, basi. Kazi ya nusu saa kama hakuna kutu.

Sasa kile kipimo cha mudigadi. Bolti yoyote uliyolegeza inayopita kwenye bushi ya mpira usiikaze gurudumu likiwa linaning'inia. Pandisha habu kwa jeki mpaka ufikie kipimo ulichoandika, ndipo ukaze. Ukikaza ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejisokota gari likishuka, na utapasuka mapema. Magurudumu ni nyutonimita 120, kwa msalaba.

Bado hatujamaliza, ingawa wengi hufunga boneti hapa na kumwita mwenye gari. Unganisha mashine ya kupima. Fungua moduli ya amortisa, ambayo kwa magari haya ni anwani 14, futa makosa, kisha fanya upangaji wa kimo. Gari liwe kwenye sakafu tambarare, upepo wa matairi uwe sawa, asiwepo mtu ndani, milango imefungwa. Unaiambia kompyuta: hiki ndicho kimo cha kawaida. Makosa yakirudi mara moja, rudi kwenye plagi kabla hujamlaumu aliyekuuzia. Kama gari lina taa za xenoni zinazojipanga zenyewe, angalia usiku kama bado zinamulika pale pale.

Taa ya tablo imezimika. Tunapita nje, kwanza barabara ya lami, kisha ile yenye mashimo, mara moja kitufe kikiwa kimezimwa, mara moja kikiwa kimewashwa. Mnasikia tofauti ya mlio wa matairi? Hapo linatua mara moja na kunyamaza.

Kesho yake peleka kwenye alaimenti, magurudumu yapangwe yanyooke, maana ulifungua boljointi. Baada ya kilomita 50 hivi, kaza tena bolti za magurudumu.

Na hizi mbili kuukuu, usizitupe kwenye moto wa taka, zina gesi. Kuna kijana hapa nje ameshauliza bei, anataka kwenda kuzijaza mafuta. Nimemwambia kilichomo ndani, amecheka, amesema basi atatafuta za Corolla.