Kabla Hamjapanga Foleni

Karibuni, jamani, kwenye usiku wetu wa kutazama anga kwa darubini. Naomba kila mwenye simu mkononi aitie mfukoni. Jicho likitoka kwenye mwanga huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza, na kumulikwa mara moja tu na kioo cha simu kunalirudisha mwanzo. Ndiyo maana tochi zetu ni nyekundu. Rangi hiyo hailisumbui sana.

Ombi langu la pili ni kwamba msiwe na haraka. Watu huinama kwenye darubini, wakahesabu moja, mbili, wakainuka: "Asante, nimeona." Huyo amechungulia tu.

Chukueni sayari ya Mshtarii, ile pale inayong'aa sana bila kumetameta. Mara ya kwanza utaona kiduara cheupe kama punje, na utaanza kuzitilia shaka zile picha zote ulizowahi kuonyeshwa. Tulia hapohapo. Hewa iliyo juu yetu inatikisika kama ile ya juu ya jiko la moto, kwa hiyo sayari inachezacheza. Halafu ghafla, kwa nusu sekunde, inatulia, na mikanda miwili ya hudhurungi inajitokeza katikati yake. Inapotea tena. Ingojee. Pembeni kuna vinukta vinne vimejipanga mstari mmoja, pengine vitatu ikiwa kimoja kimejificha. Hiyo ni miezi yake. Galileo, mwanaanga wa Italia, aliona mitatu tarehe 7 Januari 1610, akaidhania nyota za kawaida, mpaka siku zilizofuata alipoikuta imehamahama. Ule wa ndani kabisa kati ya hiyo minne, Io, humaliza mzunguko kwa saa 42 na nusu hivi. Ukiutazama sasa ukarudi baada ya saa mbili, utaukuta umesogea.

Lile pipa kubwa kule mwisho nalo ni darubini, ila halina mota. Muundo wake ulienezwa na John Dobson, aliyewahi kuwa mtawa, ambaye mwaka 1968 alikuwa akisimamisha darubini kando ya barabara za San Francisco na kuwaita wapita njia waje kuona. Kwa kuwa Dunia inazunguka, unachokitazama huteleza na kutoka nje ya duara, hivyo mwenye darubini atakuwa akilisukuma pipa taratibu kwa mkono. Ninyi wekeni mikono mgongoni. Kuna mzee aliwahi kuliegemea kama nguzo ya baraza; nilihangaika robo saa nzima kuitafuta tena sayari ya Zohali, na foleni yote ikinitazama mimi.

Pipa limeelekezwa kwenye nebula ya Orioni, yaani wingu la gesi na vumbi lililo mbali angani. Anzeni hapo kabla ya kwenda kwenye Mwezi, maana Mwezi utawatia kiwi. Msitarajie waridi wala zambarau: kwenye mwanga hafifu jicho halitambui rangi, mtaona ukungu wa kijivu. Nao msiukodolee. Tazameni pembeni yake kidogo, kwa sababu kitovu cha jicho ndicho kilicho dhaifu gizani, na mtaona ukungu unatanuka kama mbawa. Mwanga huo umesafiri miaka ipatayo 1,300.

Mwezi wenyewe leo ni nusu, bora kuliko mpevu. Fuateni ule mpaka wa nuru na giza; huko vivuli ni virefu na kila shimo linaonekana kina chake.

Wenye miwani ya kuona mbali wanaweza kuivua, tutawarekebishia. Watoto watangulie, kigoda kiko hapo chini ya pipa.